Evarista na Salamu Ndefu

Katika Ilula nzima, upande wa juu wa lami na upande wa chini, hakuna aliyejua kusalimia watu kama Evarista Kikoti, mama yake Apolonia. Wengine husalimia kama wanatupa ganda la ndizi: "Kamwene," hao, wameshapita. Evarista alisimama. Alitua beseni lake la nyanya, akapiga goti hata kama anayemsalimia ni mdogo kwake, kisha akaanza. Umeamkaje? Watoto wameamkaje? Yule aliyekuwa na homa juzi anaendeleaje? Mbuzi ameshazaa? Na bibi wa kule Kilolo, mmepata habari zake? Akijibiwa aliitikia "eee" ndefu, kichwa kimeinama, mkono kifuani, kama mtu anayesikiliza Injili. Ndipo akainuka, akajitwika beseni, akaenda mpaka nyumba inayofuata na kuanza upya.

Njia ya kutoka kwake mpaka barabarani haina mlima wala bonde. Kijana huimaliza kabla sigara yake haijaisha. Evarista akitoka jua linachomoza, alifika kwenye kibanda chake cha nyanya umande umeshakauka. Njiani alikuwa ameacha nyumba zote zimesalimiwa, na hakuna ugonjwa, ugomvi wala uchumba wa mtaa ule uliompita.

"Mama Apolonia," Silvester fundi baiskeli alikuwa akimtania, "siku ukitumwa kuita watu wa kuzima moto, watakuta majivu yamepoa!"

"Na wewe Silvester, siku ukifa, ni mimi peke yangu nitakayekuwa na la kusema juu yako msibani. Hao wanaokupita mbio watasimulia nini?"

"Basi usinisahau na mke wangu."

"Mkeo nimemsalimia jana. Anasema humpi hela ya sabuni."

Watu wakacheka. Padri alishawahi kumtaja kanisani, bila jina lakini kila mtu alijua, kuwa hapa parokiani yupo mama ambaye kwake hakuna mtu mdogo. Evarista siku hiyo alitazama chini, lakini kitenge chake kipya alikikalia vizuri. Alikuwa mwanamke wa kujisikia, na hakuwa na sababu ya kuwa vingine. Alimaliza darasa la saba mwaka ule watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wa kwanza kwa hesabu katika darasa lake. Mwalimu alikuwa akimwita mbele awasomeshe wavulana yale mafumbo ya mapipa yanayovuja. Sekondari hakuchaguliwa, nafasi zilikuwa chache kama meno ya mzee, lakini ile tabia ya kutoacha fumbo katikati haikumtoka.

Aliolewa na Yotamu, seremala. Yotamu alikuwa na mikono mizuri na maneno machache, akafariki Apolonia akiwa bado anasoma. Evarista hakurudi kwao wala hakuolewa tena. Aliingia barabarani. Wakati huo Ilula nyanya haikuuzwa kwa kukaa. Basi likionekana kule kwenye kona, wanawake walijitwika mabeseni na kulikimbilia, na anayefika dirishani kwanza ndiye anayeuza. Evarista alilifuata basi likiwa bado linatembea. Makondakta walimjua. "Huyu mama ana injini!" walisema. Kwa nyanya hizo alimsomesha Apolonia, na kwa nyanya hizo alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati juu, mlango wa mninga. Mbao zake Yotamu alizikata mwenyewe akaziacha stoo.

Halafu mwaka ule barabara ilipokuwa inawekwa lami mpya, akaugua. Kikohozi, jasho la kulowesha shuka, mwili ukaisha. Ilikuwa kifua kikuu. Akameza dawa zote miezi yote bila kuruka hata siku moja, maana yeye si mtu wa kuruka, na zahanati wakamwambia amepona. Akapona kweli. Akanenepa, akarudi barabarani.

Mbio tu ndizo hazikurudi. Evarista akasema mambo ya kukimbizana na mabasi ni ya wasichana, mtu mzima anakaa wateja wanamfuata. Akajenga kibanda. Baadaye shamba lake la mlimani akamwachia mtoto wa shemeji yake alime wagawane, kwa sababu kijana asipopewa kazi ataharibika. Kisha akahamisha mafiga ya jiko yakawa karibu na kigoda, apikie amekaa, kama alivyokuwa bibi yake. Kila alichokiacha kilikuwa na sababu yake nzuri, na kila sababu ilikuwa ya heshima. Hakumdanganya mtu. Hata yeye mwenyewe hakujua kuwa anaacha.

Aliyejua kwamba kuna jambo ni Apolonia. Sasa ni mama mtu mzima, ana duka la vitenge mtaa wa Soweto huko Mbeya, na ana mdomo wa mtu anayedai madeni kila wiki. Alikuja Pasaka, akamkuta mama yake jikoni, moshi umetanda mpaka darini, anakohoa huku ameshika ukuta.

"Mama, hicho kikohozi ni cha lini?"

"Ni moshi. Kuni mbichi."

"Mwaka jana pia zilikuwa mbichi?"

Apolonia akamtoa nje, akamkalisha.

"Nisikilize, Mama. Mbeya kuna kliniki ya vifua. Tunakwenda wote. Wakisema u mzima, nakurudisha mwenyewe mpaka mlangoni, na sitasema tena. Wakisema u mgonjwa, hurudi huku kuishi peke yako. Chumba kwangu kipo. Hii nyumba tutapangisha."

Tutapangisha. Neno hilo lilimwingia Evarista kama mwiba chini ya ukucha. Mtu mwingine afungue mlango wa Yotamu asubuhi! Alikubali kwenda, kwa sababu Apolonia hakataliwi, lakini alipanda basi akijua vizuri anachokwenda kukitetea.

*

Kliniki waliyoenda ilikuwa na chumba kidogo chenye meza, mizani, na mashine yenye mrija mweupe. Nesi aliitwa Nasrin, binti wa mjini Mbeya ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani kwa biashara ya nguo, hijabu imepigwa pasi, Kiswahili kimenyooka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Mama yako mzima? Na baba?"

"Wote wazima, bibi, Alhamdulillahi." Nasrin akatupia jicho foleni mlangoni. "Leo ninalo dodoso, yaani karatasi ya maswali. Nakuuliza unavyojisikia, wewe unanipa namba. Sifuri ni hakuna kabisa. Tano ni sana mno. Mwisho tunajumlisha."

Evarista akakaa sawa. Mtihani! Miaka yote hiyo hakuna aliyempa mtihani.

"Haya maswali katunga nani?"

"Wataalamu, bibi. Yanaulizwa nchi nyingi, kila mahali kwa lugha yao."

"Na huko nchi nyingi, watu wanajibu kweli?"

Nasrin akacheka. "Ndiyo tunaomba wajibu kweli. Mapafu tunayapima kwa mashine, lakini mashine haiwezi kutuambia mtu anaishije nyumbani kwake. Hilo analijua mwenyewe. Haya. Kikohozi?"

Evarista akamwangalia Apolonia, ambaye alikuwa amekaa pembeni amekunja mikono kama hakimu. "Cha moshi tu. Andika moja."

"Makohozi?"

"Moja. Ya asubuhi."

"Kifua kubana?"

"Sifuri."

Apolonia akaguna. Nasrin akaendelea. "Ukipanda mlima, au ngazi za ghorofa moja, pumzi inakuwaje?"

"Ghorofa sina. Mlima nilimwachia mtoto wa shemeji."

"Lakini ukiupanda?"

"Siupandi. Sasa nitapataje pumzi fupi ya mlima nisioupanda?"

Nasrin akabaki na kalamu hewani. "Niandike ngapi basi?"

"Andika sifuri."

Kazi za nyumbani anafanya zote, hakuna anayemfanyia. Usingizi, analala kama gunia. Kutoka nyumbani, anatoka kila siku isipokuwa Jumapili, na Jumapili anatoka kwenda kanisani. Kisha likaja swali la mwisho. Nasrin alilisoma polepole.

"Ukitembea mahali tambarare, kwa mwendo wako mwenyewe, huwa inakubidi usimame ili uvute pumzi?"

"Hapana," Evarista akasema. "Mimi sijawahi kusimama kuvuta pumzi. Hata siku moja."

Katika majibu ya siku ile mengine aliyapunguza kidogo, kama mtu anayepunguza umri. Hili peke yake alilisema kwa moyo mweupe kabisa.

Ikaja zamu ya mashine. Alivuta hewa, akapuliza kwenye mrija huku Nasrin anamhimiza, "Toa, toa, toa, bado, bado, usiache bibi!" mpaka macho yakamtoka. Akarudia tena na tena. Nasrin akatazama michoro, akatazama karatasi, akarudi kwenye michoro.

"Bibi, hapa kuna kitu sikielewi. Karatasi inasema wewe ni msichana wa kucheza mdako. Mashine inasema mapafu yako yanatoa kama nusu ya yanayotakiwa. Na sijui nimwamini nani."

"Mashine yako hainijui."

"Labda. Na labda na mimi sijauliza vizuri." Hakusema kwa ubaya. Alionekana kweli anataka kujua. "Njoo Alhamisi umwone daktari. Mpaka siku hiyo nakuomba kitu kimoja: ukitembea, jiangalie. Usifanye chochote tofauti. Jiangalie tu kama unavyomwangalia mtu mwingine anapita."

Nje Apolonia akasema, "Nusu, Mama. Umesikia? Nusu!"

"Karatasi haijasema nusu. Tulikubaliana wakisema. Hawajasema, wamebaki wanashangaa."

Lakini usemi ule wa nesi ulimkaa Evarista kichwani. Fumbo limewekwa ubaoni, na jibu halilingani na hesabu.

*

Kesho yake Apolonia alitangulia dukani. Saa ya kula Evarista akachukua chombo cha wali na maharage ampelekee. Duka halikuwa mbali, umbali wa kutoka kwake Ilula mpaka kwa Silvester kule barabarani, na mtaa ule hauna mwinuko wa kutaja. Akatoka amejifunga vizuri, kichwa juu.

Kwanza alikutana na msichana mwenye waya masikioni. "Kamwene, mwanangu." Msichana akatabasamu, akapita. Wa pili kijana amebeba ndoo ya rangi. "Habari za mchana, baba, umeshindaje, nyumbani..." "Poa, bi mkubwa!" naye huyo, alishafika mbele. Mama mmoja aliitikia "Nzuri" akiwa anafunga geti. Evarista alipofungua mdomo aulize watoto, geti lilikuwa limeshajifunga.

Kusimama peke yako katikati ya mtaa wa watu, bila wa kuongea naye, ni kama kusimama uchi. Basi akaendelea kutembea. Akaendelea. Kifua kikaanza kulia, sauti nyembamba kama chupa inayopulizwa mdomoni. Mbavu zikawa zinavuta hewa na hewa haiji. Mabati ya maduka yakawa meupe. Alishika ukuta wa saluni kwa mkono mmoja, chombo cha wali kwa mkono mwingine, akasema moyoni: usidondoshe wali.

"Bibi! Bibi, kaa hapa, kaa."

Aliyemsukumia stuli ya plastiki ni Saida, binti anayeuza parachichi na ndizi mbele ya saluni ile. Evarista akakaa. Saida akampepea kwa kipande cha boksi. Pumzi ziliporudi kidogo, Evarista akakumbuka adabu zake.

"Ahsante, mwanangu. Umeshindaje? Watoto hawajambo?"

"Sina mtoto bado, bibi. Vuta hewa kwanza, watoto watakuja."

Alikaa pale mpaka wali ukapoa. Akilini alikuwa anapima. Umbali ni uleule. Mzigo ni mwepesi, wali si beseni la nyanya. Mwendo ni wake mwenyewe, kama swali lilivyosema. Ilula anafika barabarani akiwa mzima, anacheka na Silvester. Hapa robo tatu ya njia ameshika ukuta. Kitu gani kiko kule ambacho hapa hakipo?

Akainua macho, akaona watu wanapita, wanapita, hakuna anayesimama. Akalipata.

Hakuliamini mara moja. Mwanafunzi mzuri hajibu fumbo kwa kubahatisha. Kesho yake akarudi njia ileile kufanya majaribio. Kwanza alitembea kimya, asimsalimie mtu: kabla ya saluni kifua kikalia. Alipopumzika, akarudi alikoanzia na kuanza tena, safari hii akisimama kwa kila aliyekubali kusimama, na alipokosa mtu alisimama dukani. Akamuuliza muuza vocha bei ya vocha asiyoihitaji. Akamuuliza fundi cherehani kama cherehani inasumbua. Akafika kwa Saida hana hata jasho.

"Kamwene, Saida. Umeamkaje? Watoto hawajambo?"

"Bibi, tangu jana umeniulizia watoto mara mbili! Unataka kunitafutia mume?"

"Nisamehe, mwanangu. Sikukuuliza habari za watoto. Nilikuwa napumua."

Saida akaangua kicheko. "Watu wa Iringa! Mpaka kupumua mnapumua kwa adabu."

Evarista alicheka naye, lakini akiwa njiani kicheko kilimgeukia. Kwa sababu kumbukumbu yake ni ndefu, na sasa ilimletea asiyemtarajia: mama mkwe wake, marehemu, mzee mwenye ulimi. Huyo mama alikuwa akilalamika kwa majirani, "Mke wa Yotamu anapita kama basi lisilo na abiria wa kushusha. Kamwene ameiacha kwako, yeye yuko kwa jirani." Ndiyo! Enzi zile za injini yeye hakumsalimia mtu zaidi ya neno moja. Watu walimwita mwenye kiburi. Goti, "eee" ndefu, habari za mbuzi, vyote vilianza baada ya kile kifua. Adabu iliyotajwa kanisani ilikuwa ni mapafu yake yanatafuta pa kukaa.

Ilimuuma. Kisha ikamchekesha peke yake barabarani. Halafu ikamfanya atake kujua zaidi: kama ni mimi tu, au wako wengi?

*

Alhamisi kwenye benchi la kliniki aliketi karibu na mzee aliyevaa koti la suti na kofia, Mzee Ombeni wa Mbalizi, zamani mwenye mashine ya kusaga. Apolonia alikuwa ameenda kuandikisha jina dirishani.

"Kamwene, baba."

"Marahaba... aa, salama mama, salama."

"Wamekuuliza yale maswali ya namba?"

"Wameniuliza. Nimefaulu."

"Lile la kutembea tambarare ukasimama, ulisemaje?"

Mzee Ombeni akanyoosha kola. "Nilisema sisimami. Mimi ni mwanaume."

"Husimami kabisa?"

"Labda simu ikiita."

"Inaita mara nyingi?"

Akamtazama kwa pembe ya jicho. Evarista alingoja, uso wake wa kusikiliza Injili, ule ambao umefungua midomo ya Ilula nzima.

"Naitoa mfukoni," Mzee Ombeni akasema chini chini. "Naiweka sikioni. Nasema haloo, haloo, mtandao huku mbaya. Nikimaliza naendelea."

"Nani anapiga?"

"Mama, simu yenyewe haina hata laini."

Walicheka mpaka wote wawili wakakohoa, na waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Evarista alipofuta machozi alijua hayuko peke yake, na hilo lilimpa raha. Lakini chini ya raha palikuwa na jiwe. Akisema alichokigundua, namba zitapanda, na Apolonia atasikia. Asiposema, atarudi Ilula wiki hii hii, kwenye mlango wake, na hakuna atakayejua. Atatembea anasalimia, mpaka siku moja pumzi isimfikishe hata kutoka nyumba moja mpaka inayofuata.

Jina lake likaitwa. Apolonia akasema, "Mama, nikungojee nje?"

Hapo ndipo palikuwa pa kuchagua. Evarista akasimama kidogo, na safari hii hakumsalimia mtu.

"Ingia," akasema. "Njoo usikie."

Nasrin alikuwa na karatasi yake. "Bibi, umejiangalia?"

"Nimejiangalia. Lile swali la mwisho futa, tuanze upya. Mimi nasimama."

"Unasimama kuvuta pumzi?"

"Nasimama kusalimia. Lakini nikikosa wa kumsalimia, nashika ukuta."

Akaeleza yote: nyumba za Ilula, goti, msichana wa waya masikioni, ukuta wa saluni, majaribio yake ya siku ya pili. Hakumtaja mzee wa simu, hiyo ni siri ya mwenyewe. Nasrin aliacha kuandika, akasikiliza kidevu mkononi. Kisha akauliza kama mtu aliyepewa funguo: Na mlima uliuacha mwaka gani? Kwa nini? Kupika unapika umesimama au umekaa? Tangu lini? Beseni unalijaza kama zamani? Kila jibu likatoa sifuri moja nje na kuingiza namba yenye mwili. Walipojumlisha, karatasi na mashine vilikuwa vinasema jambo moja.

"Sasa nimekuelewa," Nasrin akasema. "Swali la mlima nitaliuliza vingine kuanzia leo. Nitauliza kwanza, ni kitu gani ulikuwa unafanya zamani ambacho sasa umeacha."

Apolonia akajongea mezani, akaitazama ile jumla. "Basi wamesema," akatamka. "U mgonjwa. Ahadi ni ahadi, Mama."

"Ahadi ni ahadi. Lakini nesi, nikuulize na mimi swali moja. Hii karatasi inasema nihame?"

"Karatasi haihamishi mtu, bibi. Inatuambia tuanzie wapi. Daktari atakuona, na kwa hali hii nadhani utapata dawa ya kuvuta na utaingia kwenye mazoezi yetu ya kifua. Unakuja hapa kila wiki kwa miezi miwili, tunakufundisha kupumua na kutembea. Mapafu hayarudi mapya, nisikudanganye. Lakini wengi huongeza mwendo. Na moshi wa kuni ndio mwisho, uko Mbeya uko Ilula."

"Sikia, Apolonia. Soweto nimeshika ukuta mchana kweupe, nimepitwa na watu kama nguzo ya umeme. Aliyenisaidia ni mmoja, mwenye parachichi. Ilula nikichelewa kutoka asubuhi, kabla chai haijachemka Silvester ameshatuma mtu: Mama Apolonia vipi leo hajapita? Sasa niambie, mgonjwa anakaa wapi salama? Mahali penye kitanda kizuri, au mahali ambapo akikosekana wanajua?"

"Mama, hizo ni salamu tu."

"Ni salamu. Zilianza kwa uongo, sikatai. Lakini wale watu hawakujua ni uongo, wao waliitikia kweli."

Nasrin alijifanya anapanga karatasi. Apolonia alitazama dirishani kwa muda. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, sauti bado ya mdai madeni.

"Miezi miwili unakaa kwangu, unamaliza mazoezi yote. Huruki."

"Mimi huwa naruka dawa?"

"Jikoni kwako naweka gesi. Mafiga nayatoa mwenyewe kwa mikono yangu."

"Gesi inaharibu ugali."

"Mama!"

"Weka gesi. Maharage nitachemshia kwa jirani."

"Na nyumba..." Apolonia akasita. "Nyumba haipangishwi. Kwa sasa."

"Hilo la kwa sasa liache hapo kwa nesi."

Walipotoka, Apolonia kwa mazoea alitangulia, hatua zake za mtu aliyeacha duka wazi. Alipofika getini akagundua yuko peke yake. Akageuka, akamwona mama yake amesimama chini ya kibaraza na Mzee Ombeni, na mzee ameweka simu sikioni huku anatikisa mabega kwa kicheko. Siku zote alipokuja Ilula alikuwa akimwacha mama yake nyuma hivi hivi, anadhani ni soga.

Akarudi. Hakumharakisha. Akakunja magoti kidogo mbele ya mzee, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aje mjini.

"Shikamoo, baba. Mmeamkaje huko nyumbani? Na mama hajambo?"

Kisha akangoja jibu, mpaka mama yake alipokuwa tayari.